Kisu cha bei nafuu kipimwe kabla ya kutiwa mfukoni

WAHENGA walinena kwamba mtoto akililia wembe, apewe. Kwa miaka mingi nimewafafanulia wanafunzi wangu methali hiyo bila wasiwasi wowote: asiyesikia la mkuu aachwe ajionee mwenyewe. Siku hizi niifikiapo darasani ulimi hunisita, kwani miaka miwili iliyopita mimi mwenyewe nilimpa mtoto wembe, na aliyefunzwa hakuwa yeye peke yake.

Mpwa wangu, aliyekuwa kidato cha pili wakati huo, alikuja kwangu likizoni kunisaidia shambani. Alinisihi nimnunulie kisu cha kukunja, madhali tulinuia kupandikiza miche ya miembe. Nilipita sokoni, nikakuta visu vimepangwa juu ya gunia, nikachagua kilichong'aa kuliko vyote na kuuzwa kwa bei ya chini kuliko vyote. Nilikifungua mara moja tu, nikalipa, nikaondoka. Siku ya tatu kijana alikuwa akitoboa kigingi kwa ncha ya kisu hicho. Bapa lilijikunja ghafla na kukiangukia kidole chake cha shahada. Zahanatini alishonwa nyuzi nne. Tuliporejea nyumbani aliniuliza, "Mjomba, kosa ni langu au ni la kisu?"

Usiku ule sikuwa na jibu. Leo ninalo, na ningependa walimu wenzangu na wanafunzi walisikie.

Kosa halikuwa lake. Kisu cha kukunja ni sawa na kisu kilichokatwa vipande viwili kwa makusudi: bapa na mpini vimeunganishwa kwa ribiti moja, na usalama wote umo katika kile kinachozuia bapa lisirudi. Katika visu vingi vya bei ya chini, kizuizi hicho ni springi tu. Springi hutosha ukimenya chungwa, kwa kuwa mkono husukuma upande wa makali. Ukitoboa kitu kwa ncha, nguvu hugeuka ikaelemea mgongo wa bapa, na hapo springi hushindwa. Hata mafundi mashuhuri walichukua muda kulitatua jambo hili. Joseph Opinel alianza kuunda kisu chake chenye mpini wa mti huko Savoie, Ufaransa, mwaka 1890, lakini pete ya chuma inayolifunga bapa ilikuja mwaka 1955. Hiyo ni miaka 65.

Baada ya mkasa huo, mwenzangu mmoja aliyekuwa akirejea kutoka Afrika Kusini aliniletea kisu kiitwacho Okapi. Jina ni lile lile la mnyama wa misitu ya Ituri nchini Kongo, aliyejulikana kwa wanasayansi wa Ulaya mwaka 1901. Visu hivi vilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902 ili viuzwe katika makoloni yake ya Afrika, na tangu 1988 vimekuwa vikiundwa Afrika Kusini. Si kisu cha matajiri. Mpini wake ni wa mti uliopambwa kwa vipande vya madini vyenye umbo la mwezi na nyota, na mgongoni kuna pete ndogo. Ukilifungua bapa, husikika mlio wa meno yakipita moja baada ya jingine hadi la mwisho, kisha hufunga. Halirudi mpaka uivute pete ile.

Nilikuwa nimeungua, sikutaka kukisadiki kwa sura. Kwanza nilikipima kizuizi: nikakishika mpini vidole vikiwa mbali na njia ya bapa, kisha nikauelemeza mgongo wa bapa juu ya ubao, polepole, nikizidisha nguvu. Hakikurudi. Pili, nililishika bapa kwa uangalifu nikalitikisa kushoto na kulia, kwani ribiti iliyolegea ni dalili ya maradhi yajayo. Lilicheza kidogo, si sana. Tatu, nilikata karatasi, kisha kamba ya katani, kisha kijiti kibichi cha mwembe. Makali kilichotoka nayo dukani hayakuniridhisha, lakini baada ya kukinoa kwa kinoo cha kawaida kiliteleza kama wembe.

Dosari zake sitazificha. Bapa ni la feleji yenye kaboni, minghairi ya kromiamu inayozuia kutu. Feleji isiyoshika kutu huhitaji kromiamu isiyopungua asilimia 10.5 hivi. Nilipokata ndimu nikakiacha bila kukifuta hadi asubuhi, nilikikuta kimepiga weusi. Chahitaji kufutwa kila kinapotumika na kupakwa tone la mafuta. Isitoshe, kukifunga kwahitaji mikono miwili. Na kwa upandikizaji hakikufikia kisu cha kazi hiyo hasa, ambacho aghalabu hunolewa upande mmoja tu ili mkato uwe bapa kabisa. Mkato ukiwa na mawimbi, tabaka hai zilizo chini ya gome la mche na la kikonyo hazikutani, na kikonyo hukauka. Hata hivyo, kwa kumenya, kukata kamba na kuchonga penseli, sijakijutia.

Kuna wanaoniuliza, "Mwalimu, wewe na kisu mfukoni wapi na wapi?" Swali lao si la kubezwa. Okapi huyo huyo amepata sifa mbaya mikononi mwa wahuni katika miji ya Afrika Kusini na hata kisiwani Jamaika. Sheria yetu ya Adhabu nayo yamkataza mtu kutembea hadharani na silaha, bila sababu halali, kwa namna inayowatia watu hofu. Kwa hivyo changu hukaa shambani au katika mkoba wa vifaa. Hakiendi nami mkutanoni wala katika matatu, sembuse uwanja wa ndege. Mwanafunzi naye hana haja ya kisu mfukoni shuleni. Visu vya somo la kilimo na vikae chini ya kufuli ya mwalimu, vihesabiwe vikitolewa na vihesabiwe vikirudishwa.

Lakini kuvifungia si kufundisha. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanzishwa mwaka 1985 uliahidi stadi za mikono, na mtaala wa umilisi uliouandama umeahidi vivyo hivyo. Ahadi hizo hazitatimia iwapo mtoto atamaliza shule hajui kwamba kisu butu humjeruhi mtumiaji upesi kwa kuwa hulazimisha nguvu, kwamba mkato huelekezwa mbali na mwili, na kwamba kisu hukabidhiwa mwenzako mpini ukiwa mbele. Hayo yafunzwa kwa dakika kumi. Mimi sikuzitenga dakika hizo. Nilitenga fedha tu, tena chache.

Bei nafuu si dhambi. Mshahara wa mwalimu waujua mwenyewe msomaji. Dhambi ni kununua bila kupima. Ukienda sokoni, kifungue kisu mara kumi, kielemeze mgongo, kitikise, umwulize muuzaji ni feleji gani. Akikuharakisha, kirudishe juu ya gunia.

Mpwa wangu sasa hupandikiza miembe kwa ustadi kunishinda, ingawa kidole kile hakikunji sawasawa wakati wa baridi. Likizo iliyopita nilimwambia kwamba kosa halikuwa lake wala la kisu. Alinitazama, akacheka kidogo, akaniomba kinoo.