Feza ya Leta kwa shamba lililoharibiwa

Watu wa mashamba, mnajua ya kuwa mvua moja ya nguvu inaweza kuchukua udongo uliolimwa na baba na babu. Asubuhi shamba ni jeusi, jioni ni mchanga na mawe. Basi nani atalipa kazi ya kulitengeneza? Katika nchi ya Marekani Leta inalipa sehemu kubwa, na hapa nitaeleza namna yake.

Watu wale walifundishwa na taabu. Walilima nyanda za majani bila kuacha kitu cha kushika udongo. Ukame ulipokuja katika miaka ya 1930, upepo uliinua mashamba. Mwezi wa Mei 1934 mavumbi yake yalifika hata New York na Washington, mbali sana. Mwaka 1935 ikatungwa sheria ya kulinda udongo. Sheria ya msaada wa haraka inayotumika leo ni ya mwaka 1978.

Msaada huu si wa mazao yaliyopotea, wala wa nyumba, wala wa ngombe waliokufa. Ni wa ardhi na vitu vya kuilinda: kuondoa mawe na magogo yaliyoletwa na maji, kufukia makorongo, kurudisha matuta, kujenga tena ua. Wakati wa ukame mkali unasaidia pia kupata maji ya kunywesha ngombe.

Lakini ubaya lazima uwe umeletwa na msiba wenyewe. Mtu aliyelima mtelemko kutoka juu kwenda chini, na udongo wake ukaondoka pole pole miaka kumi, hapati kitu. Hapa kwetu, kwenye vilima vilivyokatwa miti ya makala, wengi wangerudishwa mlangoni.

Tazameni ua. Mwezi wa Februari 2024 moto mkubwa uliwaka katika Texas, ukapita juu ya hektari zaidi ya 400,000. Ngombe elfu nyingi walikufa. Majani huota tena yenyewe mvua ikinyesha, lakini nguzo na waya wenye miiba havioti. Mfugaji asiye na ua hawezi kurudisha ngombe waliobaki. Watakwenda barabarani, au watakula majani machanga mbele ya mizizi kupata nguvu, na hapo ardhi inabaki wazi kwa upepo.

Malipo ni hivi. Kazi ikigharimu dola 10,000, Leta inaweza kulipa mpaka 7,500, na mwenye shamba anatoa 2,500. Mkulima mwenye mali kidogo, au aliyeanza kulima juzi, anaweza kupata mpaka 9,000. Mtu mmoja hapiti dola 500,000 kwa msiba mmoja. Tena malipo hayapiti nusu ya bei ya ardhi iliyoharibiwa. Neno hilo ni la akili, kwani nani atatia feza nyingi kuliko ardhi yenyewe?

Maombi yanatazamwa na kamati ya wakulima waliochaguliwa na wenzao, watu wanaojua mito na vilima vya pale. Mtu wa Leta anafika shambani kuona kwa macho. Kwa kawaida mwenye shamba asianze kazi mbele ya kuomba na kukubaliwa: akianza kwa haraka yake, anaweza kukosa yote.

Kuna jambo moja gumu. Feza hufuata kazi, haitangulii. Kwanza nunua waya, simamisha nguzo, onyesha hesabu, ndipo ulipwe. Tajiri anangoja bila shida. Maskini anakopa, au anaacha. Kwa ajili hiyo sheria ya mwaka 2018 iliruhusu robo ya malipo ya ua itolewe mbele ya kazi. Robo si nyingi, lakini inanunua nguzo za kwanza. Hata hivyo sanduku lenyewe linaweza kuwa tupu mpaka bunge litie feza, na mashamba yanangoja.

Na kazi ikiisha, mwenye shamba anapaswa kuitunza kwa miaka iliyowekwa. Akiacha ua uanguke au matuta yabomoke kwa uvivu, anaweza kudaiwa feza irudi.