Kichwa kimepoa, lakini uvimbe unaendelea: seli wasaidizi za ubongo na kansa ya kichwani

Huko Mangobo, Kabondo ao Lubunga, habari huanza karibu namna moja. Mtu mzima anaamka kila asubuhi na kichwa kinachouma, anatapika, kisha siku moja anaanguka sokoni na kutetemeka. Jamaa wanasema: "Walimutupia kitu." Wanazunguka kwenye maombi mpaka franga zinaisha. Baadaye anapewa deksametazoni, kichwa kinapoa ndani ya siku chache, nyumba nzima inashukuru Mungu. Halafu maumivu yanarudi na nguvu zaidi.

Kwa kuelewa sababu, tuanze na seli zisizotajwa sana. Kila mtu amesikia kuhusu neuroni, zile zinazobeba habari za ubongo, karibu miliari 86. Pembeni yao kuna seli wasaidizi, ziitwazo glia, ambazo idadi yao inakaribia kuwa sawa na hiyo. Kwa miaka mingi vitabu viliandika kwamba glia ni mara kumi zaidi, mpaka Suzana Herculano-Houzel wa Brazil na wenzake walipochapisha hesabu yao 2009. Jina lenyewe, kwa Kigiriki, ni gundi: Mjerumani Rudolf Virchow, katika karne ya 19, aliona kazi yao ni kushikilia tu. Mtu wa Kisangani afikirie mitego ya Wagenia. Wageni wanatazama vikapu, lakini ni miti iliyosimikwa katikati ya mawe inayozuia maji yasibebe kila kitu.

Glia zina kazi nyingi. Astrositi zinalisha neuroni na kusaidia kuchunga kinachotoka kwenye damu kuingia ubongoni. Oligodendrositi zinavalisha nyuzi za neuroni. Mikroglia zinafagia uchafu na kupigana na vijidudu.

Uvimbe uitwao glioma unatokana na ukoo huohuo wa seli. Ulio mkali zaidi ni glioblastoma, na haukui peke yake. Unatoa kemikali za kuita mikroglia. Zinakuja kama askari walioitwa kukamata mwizi, zikifika zinamfungulia mlango. Zinalegeza nyama iliyo kati ya seli, uvimbe unapata njia ya kupenya, na zinapoza ulinzi mwingine wa mwili. Pamoja na ndugu zao wanaotoka kwenye damu, zinaweza kufika theluthi ya uvimbe ao zaidi. Astrositi za jirani nazo zinaulisha na kuukinga na dawa. Hata neuroni hazikuachwa: 2019, watafiti wa Stanford, Marekani, na wa Heidelberg, Ujerumani, walionyesha kwamba seli za uvimbe zinajiunganisha nazo na kutumia umeme wao kwa kukua.

Hii ndiyo sababu kisu peke yake hakitoshi. Munganga anakata anachoona, lakini nyuzi za uvimbe zinabaki katikati ya wasaidizi wake. Tangu 2005, kisu kinafuatwa na mionzi pamoja na dawa ya temozolomidi. Hata hivyo, wengi wenye glioblastoma hawafikishi miaka miwili.

Na deksametazoni? Uvimbe unaharibu ile kinga kati ya damu na ubongo, maji yanavuja, na fuvu ni mfupa, halipanuki. Dawa inapunguza maji. Uvimbe wenyewe unabaki. Ina faida yake, munganga akiisimamia. Lakini inapandisha sukari, inashusha kinga ya mwili, na kuikata ghafla baada ya majuma mengi ni hatari.

Si kila kuanguka ni kansa, tena mbali. Katika vijiji vya Tshopo vilivyo karibu na mito yenye maji ya kasi, kifafa cha watoto mara nyingi kinaambatana na oncho, ule ugonjwa ambao Mectizan inagawanywa kwa ajili yake. Tegu ya nguruwe, kifua kikuu, ao toksoplasma kwa mwenye VVU, vyote vinaweza kuacha vidonda ubongoni, na vina dawa. Kuna pia meninjioma, uvimbe wa utando unaofunika ubongo: mara nyingi unakua polepole na munganga anaweza kuutoa wote. Kwa macho tu, mtu hawezi kutofautisha. Skaneri ao IRM ndiyo inayoanza kuonyesha njia, na inalipwa na zile franga ambazo kwa kawaida zimekwisha kwingine.

Mtu mzima anayeanguka kwa kifafa kwa mara ya kwanza, anayeumwa kichwa asubuhi na kutapika kwa majuma, ambaye mkono mmoja unalegea, maneno yanapotea ao tabia inageuka, afikishwe hospitali wakati familia bado ina kitu mfukoni.