Je, Wajua? Herufi Tatu Zaweza Kumgeuza Babu Kuwa Baba

Je, wajua kwamba herufi tatu zilizodariziwa kwenye taulo si lazima zisomwe kuanzia kushoto kwenda kulia? Katika mtindo wa monogramu uliozoeleka Marekani na Uingereza, herufi ya katikati hushonwa kubwa, nayo ni ya jina la ukoo. Ya jina la kwanza hukaa kushoto kwake, ya jina la kati hukaa kulia. Zikiwa za kimo kimoja, hapo ndipo husomwa kwa mfuatano wa jina, na ndivyo hushonwa mara nyingi kwenye mashati ya wanaume.

Matatizo huanza utaratibu huo unapovuka bahari. Mchukue Fatuma Issa Saidi wa Tanga. Issa ni baba yake, Saidi ni babu yake, na jina la ukoo kwa maana ya Kizungu hana. Mwambie fundi unataka "ule mtindo wa katikati kubwa", utakabidhiwa F, S, I. Atakayesoma kwa mfuatano atapata Fatuma Saidi Issa, na babu atakuwa amegeuka baba. Kwa majina ya namna hii sioni sababu ya kuhangaika na herufi kubwa ya katikati. Weka F.I.S. za kimo kimoja, au F peke yake.

F peke yake nayo ina masharti yake. Nyumba yenye Salim, Salma, Saada na Saidi haiwezi kugawana taulo kwa herufi S. Huko darizi jina zima na wala usione haya; watu wa pwani wamezoea kusoma nguo, na kanga hubeba sentensi nzima bila kuelemewa.

Kwenye zawadi za harusi, desturi ya Kimarekani huweka herufi ya mke kushoto, ya ukoo katikati na ya mume kulia. Mpango huo unamtaka mke awe amechukua jina la mumewe. Bibi harusi wa Zanzibar au Mombasa anayebaki na jina la baba yake hana wa kumweka hapo katikati. Herufi mbili za majina yao ya kwanza zinatosha, na zinapendeza zaidi.

Je, wajua kwamba herufi zilizosukwa pamoja ziliwahi kuficha mapenzi ya mfalme, au kuyatangaza? Henry II wa Ufaransa, aliyefariki mwaka 1559, alikuwa na mke, Catherine de Médicis, na mpenzi, Diane de Poitiers, aliyemzidi umri kwa karibu miaka 20. Monogramu ya mfalme ilikuwa H iliyobebana na C mbili zilizopeana mgongo. Kwa malkia, hiyo C ilikuwa ya Catherine. Lakini kila C ilipokutana na mguu wa H ilifungika na kuwa D, na wengi waliisoma kuwa D ya Diane. Mfalme alipofariki, Catherine alimlazimisha Diane aiachie kasri ya Chenonceau. Kwa hiyo ukipenda herufi za kusukwa, mwoneshe mchoro mtu asiyelijua jina la mwenye zawadi, akuambie anasoma nini.

Karne nyingi kabla yake, Charlemagne, aliyevikwa taji la kaizari mwaka 800, alikuwa na monogramu ya umbo la msalaba: K, R, L na S za jina Karolus kwenye ncha nne, na irabu zote zimebanwa katikati kwenye umbo la uru wa karata. Mwandishi wa habari zake, Einhard, anasema kaizari aliweka vibao vya kuandikia chini ya mito yake ili ajifunze kuandika, ila alikuwa ameanza akiwa mtu mzima mno. Wanahistoria wanaamini kwamba makarani ndio waliochora monogramu kwenye hati, naye akaongeza kistari kidogo tu hapo katikati. Kistari hicho ndicho kilichokuwa sahihi yake.

Msanii Mjerumani Albrecht Dürer naye, kama sahihi yake, alichora A pana na D ndogo ikiwa imejikinga chini ya miguu yake. Vasari, mwandishi wa Kiitalia wa maisha ya wasanii, anasimulia kwamba mchongaji Marcantonio Raimondi alinakili michoro ya Dürer pamoja na herufi hizo, Dürer akaenda kumshtaki huko Venice. Alichopata ni amri ya kwamba jamaa asitumie tena hizo herufi. Michoro yenyewe aliachiwa.

Wala udarizi wa herufi Ulaya haukuanza kama pambo. Shuka za nyumba kubwa zilifuliwa pamoja, kwa maji ya kuchemka, na kila moja ilihitaji alama ya mwenyewe. Uzi mwekundu ulipendwa kwa sababu ile rangi ilivumilia kuchemshwa bila kuchuja. Pembeni paliongezwa namba, ili shuka zitumike kwa zamu zisichakae kwa upendeleo. Wasichana walijifunza herufi kwa sindano, na kwenye vitambaa vyao vya mazoezi vya zamani mara nyingi hukuti J wala U, kwa kuwa I na V zilifanya kazi hizo.

Leo mashine inaandika herufi za kila aina, lakini kitambaa bado kina usemi. Taulo lina vijinyuzi vinavyoinuka na kuzimeza herufi nyembamba za mwandiko wa mkono. Fundi mjuzi hutandaza juu yake karatasi laini ya plastiki inayoyeyuka majini, kisha ndipo ashone. Hata hivyo herufi nene ndizo zinazodumu. Mwandiko mwembamba, uweke kwenye foronya au leso. Fulana inayovutika inataka kitambaa kigumu upande wa ndani, la sivyo herufi hukunjamana baada ya kufuliwa. Mkoba wa ngozi usiuagize kwa haraka, maana tundu la sindano kwenye ngozi halizibi.

Basi unapoagiza, usimpe fundi herufi tatu zilizoandikwa kwenye kipande cha karatasi. Mwandikie jina zima, mwambie lipi la baba na lipi la babu, na uone mchoro kabla sindano haijagusa kitambaa.