Ukijifungia Keja, Chagua Muvi ya Kukupigia Stori

Wiki ya mwisho ya Machi 2021 Covid ilinishika, nikajifungia keja siku kumi na nne. Umoja Innercore, bedsita ya floo ya tano. Wimbi la tatu ndio lilikuwa limewaka. Tarehe 26 Prezzo Uhuru akafunga kaunti tano, Kanairo ikiwa ndani, na kafyu ikarudishwa hadi saa mbili usiku. Homa niliizoea siku ya pili. Kenye sikuzoea ni ule ukimya. Innercore huwa hainyamazi: nganya zinapiga hon, makanga wanaita watu, watoi wanapiga mpira kwa koridoo, kuna msee anaangusha ngoma za Ijumaa siku ya Jumanne. Lakini siku hizo za kafyu, saa mbili ikifika, mtaa mzima ulikuwa unazima ka stima. Unasikia friji ya jirani ikiwaka na kuzima.

Siku ya tatu beshte yangu akaniletea flashi. Aliiweka kwa bahasha ya khaki na avo mbili na ndimu, akaitundika kwa kitasa, akabisha, akashuka ngazi ndio nifungue. Tukapungiana mkono, yeye chini, mimi juu, kila mtu na maski yake. Ndani ya flashi kulikuwa na muvi ka arobaini.

Nikaanza na ile kila mtu alikuwa anaisema tangu 2020: Contagion, ya Steven Soderbergh, ya 2011. Virusi vinaruka kutoka mtu hadi mtu, dunia inafungwa, watu wanapigania dawa. Imetengenezwa poa sana, hiyo sikatai. Lakini saa saba usiku nilikuwa nimekaa kitandani nahesabu pumzi zangu, nikikohoa kidogo najiuliza ka hii ndio ile. Sikulala.

Kesho yake ndio nilishika kitu ambacho nataka ukae nacho, juu kuna siku wewe pia utafungiwa, ikiwa si Covid basi tetekuwanga, TB ama mguu umevunjika. Mtu akiwa pekee yake kwa nyumba haishiwi na stori. Kichwa yake imejaa stori, na nyingi ni za kutisha. Kenye anaishiwa ni sauti za watu. So muvi usiichague kwa jina kubwa ama kwa posta. Jiulize: hii itaniletea sauti ya nani hapa ndani?

Siku za homa: mpatie DJ Afro kazi

Ukiwa na homa, kichwa haiwezi fuata stori ya kupinda-pinda. Macho yanauma, na yale maandishi ya chini ya skrini yanapita kabla uyasome. Hapo ndio DJ Afro anaingia. Ka umekulia mtaa unamjua. Anachukua muvi ya Kichina, ya Kihindi ama ya Hollywood, anaweka sauti yake juu, na anakuchanulia kila kitu kwa Kiswahili na Sheng. Steringi akitokea unaambiwa ni yeye. Adui akijificha nyuma ya mlango, wewe unajua kabla ya steringi mwenyewe.

Watu husema hizo ni muvi za kibanda. Mimi nilijua thamani yake nikiwa nimelala na kitambaa cha maji kwa paji la uso. Nilifunga macho na muvi ikaendelea. Kulikuwa na msee kwa keja yangu ananipigia stori, hachoki, haogopi kuambukizwa. Nikisinzia na kuamka, nilimpata bado anaongea, na kwa sentensi mbili ananirudisha mahali mambo yamefika. Hakuna muvi ingine hukusubiri hivyo.

Hii kazi haiko Kanairo pekee. Bongo walikuwa na Lufufu, ambaye watu wengi walimfuata kwa sauti kuliko kwa muvi yenyewe. Uganda mavijei ni wengi, na pale Wakaliga, Kampala, Nabwana I.G.G. alitengeneza Who Killed Captain Alex? mwaka wa 2010 na bajeti ya kuokoteza tu. Ile sauti ya VJ Emmie iko juu ya muvi mwanzo hadi mwisho, anashangilia, anaonya, anacheka na wewe. Iko YouTube bure. Siku ya homa, hiyo ni kampuni tosha.

Na ka hutaki mapigano, rudia muvi ambayo ushaiona. Mimi niliweka Sarafina!, ya 1992, Leleti Khumalo akiwa ndani. Tuliicheki tukiwa watoi, tunazijua nyimbo hata ka hatujui maneno. Muvi ya zamani haikuombi nguvu. Inakaa tu na wewe.

Nguvu ikirudi: leta tao kwa keja

Siku ya sita hivi homa ilishuka, njaa ikarudi, na kuboeka kukaanza kwa ukweli. Sasa nikapanda kwa muvi zetu.

Nairobi Half Life ya David Tosh Gitonga niliiona mara ya kwanza ilipotoka, 2012, na nikaona stori ya wezi. Joseph Wairimu ni Mwas, kijana wa shags anakuja Kanairo kutafuta maisha ya uigizaji, anaporwa siku ya kwanza, na mwisho anajipata mchana kwa steji, usiku kwa genge ya Oti. Hiyo ndio ilikuwa muvi ya kwanza Kenya kupeleka kwa Oscar. Nikiwa nimefungiwa niliona kitu ingine. Kabla aingie tao, Mwas huwa anauza muvi huko kwao, na anaziuza kwa mdomo: anasimama mbele ya watu, anaigiza mapigano yote mwenyewe, sauti zote zake. Ni DJ Afro bila mashine. Hapo ndio nilishika kwa nini mtaa mzima uliipenda. Inaanza na sauti ya mmoja wetu.

Halafu akafika tao. Hon, mikokoteni, watu wanapiga kelele, kila mtu anauza kitu. Nilikuwa sijapita mlango siku sita, na nilisikia downtown. Nikaweka lapi volyum ya juu. Jirani wa chini hakulalamika. Nadhani yeye pia aliimiss.

Siku ya saba nikaweka Supa Modo ya Likarion Wainaina, ya 2018. Hii nakuambia ukweli, jipange na kitambaa. Jo ni mtoi wa miaka 9, ni mgonjwa na ugonjwa wake hauna dawa, so anarudishwa nyumbani kijijini. Anapenda muvi za masupahiro kuliko chakula. Sistake Mwix anakataa siku zake ziishie kitandani, anaongea na watu mmoja mmoja, hadi kijiji kizima kinaungana kumfanya Jo aamini ako na nguvu. Mwisho wanashuti muvi, na Jo ndiye steringi. Inachukua saa moja na robo tu. Nililia, na baada ya kulia nikampigia mathe huko shags. Wiki nzima nilikuwa namwandikia meseji fupi fupi za "niko sawa", juu sikutaka asikie kifua changu. Hiyo usiku tuliongea hadi simu ikapata joto.

Ka uko na watoi kwa nyumba, Supa Modo ni ya kuketi nao na kuongea nao baadaye, juu kifo kiko ndani. Na kabla uwawekee muvi yoyote, cheki ile alama ya bodi ya filamu: GE ni ya kila mtu, PG mzazi awe karibu, 16 na 18 inajieleza. Watoi wakifungiwa na wewe wanaona kila kitu unachocheki, hata ukidhani wamelala.

Usiku usijitishe

Usiku ndio kazi. Mchana unaweza simama dirishani ukaona watu, usiku unabaki na mawazo. Mimi nilijiwekea sheria: ikifika saa tatu, hakuna muvi ya ugonjwa, hakuna ya majini, hakuna ya watu kufungiwa ndani na muuaji. Ka unataka Outbreak, ile ya 1995 ya virusi vya kubuni vinatoka Zaire, ingoja hadi upone. Haiendi popote.

Usiku weka kicheko kifupi. Vitimbi ya zamani, Mzee Ojwang' na Mama Kayai wakikosana kwa hoteli yao. Papa Shirandula pia, ka nusu saa hivi kila kipindi. Charles Bukeko, Papa mwenyewe, alituacha tarehe 18 Julai 2020, na nilipoiweka niliogopa itaniumiza. Haikuniumiza. Ile sauti nzito ilijaa kwa nyumba ka kawaida, na mimi nikacheka na mtu ambaye nilikuwa nimemlilia. Nililala poa usiku huo kuliko usiku wote uliotangulia.

Siku za mwisho: zile za kufikiria

Ukibakisha siku tatu nne, mwili umetulia, hapo sasa kichwa iko tayari kwa muvi ya kuuliza maswali. Nilikuwa nazo mbili.

Ya kwanza ni Pumzi ya Wanuri Kahiu, ya 2009. Ni fupi, dakika ishirini na kitu tu. Dunia imeshapigana vita juu ya maji, watu wanaishi ndani ya jengo lililofungwa, kila tone la jasho linachujwa linyweke tena, na nje inasemekana hakuna uhai. Asha anapata udongo, anapanda mbegu, mbegu inaota, na anaamua lazima atoke nje. Jina lenyewe lilinishika. Nilikuwa nimemaliza siku kumi nikisikiza pumzi zangu.

Ya pili ni Kati Kati ya Mbithi Masya, mmoja wa wale wasee wa Just a Band. Ilitoka 2016 na ikapata tuzo ya wakosoaji pale Toronto. Nyokabi Gethaiga ni Kaleche, anaamka porini na gauni la hospitali, hakumbuki kitu, anapata loji yenye watu wanakula, wanacheza, wanapiga stori. Wanamwambia amekufa, na hakuna anayetoka. Najua inaonekana ni muvi ya kumtisha mgonjwa, na ndio maana nimeiweka mwisho. Lakini yenyewe inaongea juu ya vitu watu wamebeba na hawajasamehe. Ukiwa na siku nyingi za kukaa na roho yako, hiyo stori inakusaidia kupanga mambo.

Bando, flashi na jasho la watu

Sasa tuongee ganji, juu kufungiwa keja ni kufungiwa pia kazi. Netflix wakikuonyesha kwa HD inaweza kula hadi GB 3 kwa saa moja. Bando ya msee wa kawaida haimalizi muvi mbili. Ka unachekia kwa simu, ingia kwa setingi uweke ile ya kubana data. GB moja inasukuma ka masaa sita. Skrini ni ndogo, hutaona tofauti kubwa. Pakua mapema ukiwa na waifai, na usingoje homa ndio uanze kutafuta. Tenga muvi zako kwa mafolda: za homa, za mchana, za usiku, za mwisho. Ukiwa mgonjwa hutaki kuskrol nusu saa. Utachoka kabla muvi ianze.

Na ukipona, kumbuka hawa wasanii wa hapa. Muvi ya Kenya ikinakiliwa kwa flashi kila mahali, aliyeishuti hapati kitu, na ile sauti ya mtaa iliyokushika mkono itakosa kurudi. Ikionyeshwa tao, lipa uingie. Ikiwekwa kwa channeli ya mwenyewe, icheki hapo. Mimi nilianza na tiketi moja, na sijaacha.

Icheki na mbogi

Kitu ya mwisho nilipata bahati tu. Siku ya nane beshte yangu wa flashi alinipigia saa mbili, kafyu ikiingia. Alikuwa na muvi zile zile kwake. Tukahesabu moja, mbili, tatu, tukawasha pamoja, simu iko laudspika kwa mto. Kesho yake wakawa wawili, kesho kutwa wanne. Mmoja akajitolea kuwa DJ Afro wetu, anatangaza kila kitu, hadi matangazo ya unga. Hatukuwa tunaongea mambo ya maana. Mtu anasema "cheki huyo adui", mwingine anacheka, mwingine amelala tunasikia akikoroma. Ukimya wa Innercore uliisha hapo.

Siku ya kumi na tano nilishuka ngazi, nikanunua chapo na madondo kwa mathe wa kibanda, na nikasikia hon ya kwanza. Lakini kuna mtu sahii, kwa ploti yenu ama kwa familia yenu, amefungiwa na ugonjwa na anaangalia ukuta. Maombi na matunda mpelekee, lakini pia mjazie flashi, umpangie, uitundike kwa kitasa. Na saa mbili usiku mpigie, mhesabu tatu pamoja.