Istilahi za Mwendo wa Lehemu katika Utando wa Seli

Miongoni mwa istilahi za afya zinazowatatiza wafasiri ni lehemu, ambayo wengine huiita kolesteroli. Katika ufundi, neno hilohilo ni jina la madini laini yanayoyeyushwa ili kuunganisha vipande vya bati. Istilahi hii ni fupi na hutamkika kwa urahisi. Lakini imebeba taswira ya kitu kilichoganda mahali pamoja. Hata jina la kigeni halikusalimika, kwani limeundwa kwa maneno ya Kigiriki yenye maana ya nyongo na ugumu, kwa kuwa dutu hii ilitambuliwa kwanza katika vijiwe vya nyongo. Hatupendekezi kuiacha istilahi ya lehemu. Tunalosisitiza ni kwamba vitenzi vinavyoandamana nayo viteuliwe kwa uangalifu, maana katika seli lehemu haitulii.

Yafaa kwanza tuieleze dhana yenyewe. Utando wa seli ni matabaka mawili ya lipidi yaliyolaliana, yenye unene wa nanometa 5 hivi. Mwaka 1972 Singer na Nicolson waliueleza utando huo kuwa ni kama kimiminiko, ambamo protini na lipidi huweza kusogea. Katika utando wa nje wa seli nyingi za wanyama, lehemu hukaribia theluthi moja ya molekuli zote za lipidi. Mwendo wake ni wa namna nne, nasi twapendekeza kila namna ipewe neno lake:

(a) Mtelezo: lehemu kusogea ndani ya tabaka lilelile.

(b) Mpinduko: lehemu kuvuka kutoka tabaka moja hadi la pili. Kwa kuwa sehemu yake ipendayo maji ni ndogo, hupinduka upesi, ilhali fosfolipidi isiyosaidiwa na protini huweza kuchukua saa nyingi.

(c) Mhamisho: lehemu kuchukuliwa na protini kutoka utando mmoja hadi mwingine ndani ya seli.

(d) Mtoko: lehemu kuiacha seli na kupokewa na chembe za lipoprotini, ambazo huisafirisha hadi kwenye ini. Seli nyingi haziwezi kuivunjavunja lehemu. Kwa hiyo mtoko ndiyo njia yao kuu ya kupunguza ziada.

Huenda msomaji akauliza kama tofauti hizi zina faida yoyote nje ya maabara. Tutazame maradhi ya Tangier, yaliyopewa jina la kisiwa kilichoko Virginia, Marekani, na kuelezwa na wataalamu mwaka 1961. Mgonjwa huwa na tezi za koo zenye rangi ya machungwa, kwa sababu seli zake zimejaa lehemu. Hata hivyo, kipimo cha damu yake huonyesha lehemu kidogo. Mwaka 1999 ilibainika kwamba chanzo ni kasoro katika jeni ya protini iitwayo ABCA1, ambayo kazi yake ni kuwezesha mtoko. Basi mfasiri akiandika tu kwamba "lehemu ya mgonjwa imepungua", amesema kweli kuhusu damu na amekosea kuhusu seli.

Kasoro ya namna hiyo hutokea pia katika kitenzi "kutolewa". Sentensi "lehemu hutolewa" haimwambii msomaji kama imetoka katika utando, katika seli, katika damu au katika mwili. Lehemu iliyotoka katika seli bado imo mwilini. Ini huweza kuigeuza kuwa asidi za nyongo, au kuipeleka kwenye nyongo kama ilivyo. Kwa hiyo twawashauri wafasiri na walimu wataje daima mahali inapotoka na mahali inapokwenda.

Istilahi hizi nne ni mapendekezo. Tutafurahi iwapo wasomaji watazijaribu madarasani na maofisini, kisha watuarifu ni ipi iliyokubalika na ipi iliyogoma.