Kipya Kinyemi? Uthabiti wa Maunzi katika Kompyuta za Michezo za Mkononi

Wahenga walinena kuwa kipya kinyemi kingawa kidonda. Katika makala haya tunanuia kuupima usemi huo kwa mfano wa kompyuta za michezo za mkononi, vyombo ambavyo vijana wengi huvitamani na ambavyo bei yake si haba.

Chombo cha aina hii kina wazazi wawili. Wa kwanza ni mashine ya michezo, ambayo maunzi yake hudumu miaka mingi bila kubadilika: Nintendo Switch ilitoka mwaka 2017 na mrithi wake akaja 2025. Wa pili ni kompyuta ya kawaida, ambayo hupata vichakataji vipya takribani kila mwaka. Je, mwana amfuate mzazi yupi?

Kampuni ya Valve ya Marekani ilitoa Steam Deck mnamo Februari 2022. Toleo la OLED lilipofuata Novemba 2023, kasi ya kuendesha michezo ilibaki karibu ile ile. Kilichoimarishwa ni skrini, pamoja na betri, iliyotoka wati-saa 40 hadi 50. Kadhalika, Asus ya Taiwan ilipotoa ROG Ally X mwaka 2024, ilibakiza kichakataji cha 2023 lakini ikaongeza betri maradufu, kutoka wati-saa 40 hadi 80.

Sababu ya kwanza ya mwenendo huu ni nishati. Kichakataji cha Steam Deck hutengewa wati 15 kwa upeo. Ukijumlisha skrini na sehemu nyingine, mchezo mzito huweza kuimaliza betri ya awali kwa muda wa saa mbili hivi. Kuongeza kasi kwa kuongeza umeme ni kuufupisha muda wa kucheza. Maendeleo ya kweli ni kupata kazi zaidi kwa umeme ule ule, na hayo hayaji kila mwaka.

Sababu ya pili inawahusu waundaji wa michezo. Maunzi yakidumu, wao hupata shabaha isiyohama: huujaribu mchezo, wakarekebisha picha na ukubwa wa maandishi, na kazi hiyo ikawafaa wanunuzi wote. Sisi wanafunzi wa Kiswahili hatuna budi kuielewa hoja hii, kwani usanifishaji ulioratibiwa na kamati ya lugha kuanzia mwaka 1930 uliwezesha kitabu kimoja kusomwa shuleni Kenya, Tanganyika, Uganda na Zanzibar.

Hata hivyo, uthabiti una gharama yake. Michezo huzidi kuwa mizito, na chombo cha 2022 hushindwa na baadhi ya ile mipya. Ndiposa mnunuzi anapaswa kujiuliza: toleo jipya linaendesha mchezo gani ambao la zamani haliwezi, na kwa saa ngapi mbali na soketi ya umeme? Likikosa jibu, basi unyemi wake ni wa macho tu, na kidonda kitabaki mfukoni.