Mama Anayetaka Kupunguza Mafuta ya Mwili Ale Nini?

Mama mmoja wa Mutuka, pale Babati, alitusimamisha baada ya Misa akiwa na karatasi ya zahanati mkononi. Karatasi ilionyesha kilo 92, urefu wa sentimeta 158, na presha iliyopanda. Aliyempima alikuwa amemwambia neno moja tu: "Punguza mwili." Basi mama yule alikwenda nyumbani akaacha ugali kabisa. Kwa siku tisa alikunywa maji ya ndimu asubuhi na chai mchana, na jioni akala kabichi peke yake kando ya jiko huku wenzake wakila. Siku ya kumi alipatwa na kizunguzungu shambani akaanguka, na usiku ule akala sahani mbili za wali zilizojaa. "Sasa," akatuuliza, "nimeshindwa mimi, au njia yenyewe ndiyo mbaya?"

Tulimwambia kwamba njia ndiyo mbaya. Lakini swali lake lilihitaji jibu refu kuliko lile la mlangoni mwa kanisa, na tunajua si yeye peke yake mwenye kuuliza. Ndiyo maana tumelitengea ukurasa huu.

Kwanza tutaje jambo ambalo watu hulisema kwa kunong'ona. Mama yule aliogopa ugonjwa, lakini pia aliogopa kupona. "Nikikonda," alisema, "watasema nina ule ugonjwa. Na mama mkwe atasema mwanawe hanitunzi." Hofu hii ni ya kweli. Tangu Ukimwi uingie katika nchi yetu, mtu akipungua hutazamwa kwa jicho la shaka, na tangu zamani unene wa mke umehesabiwa kuwa sifa ya mume. Ushauri wetu ni kwamba mambo haya yazungumzwe ndani ya nyumba mapema. Mume aione ile karatasi ya zahanati, na mama mkwe aelezwe kwamba mkwewe anapunguza kwa makusudi kwa sababu ya presha. Asiyepata msaada wa nyumbani huchoka katika juma la pili.

Wengine hudhani jambo hili ni la watu wa Dar es Salaam tu. La hasha. Uchunguzi wa kitaifa wa afya wa mwaka 2004-05 ulikuta wanawake 18 katika kila 100 wa umri wa miaka 15 hadi 49 wana uzito uliozidi. Mwaka 2010 walikuwa 22, na mwaka 2015-16 wakawa 28. Kisukari nacho kimepanda. Uchunguzi uliofanywa miaka ya 1980 katika vijiji 6 vya Tanzania ulikuta kwa wastani mtu mzima mmoja tu katika kila 100 mwenye ugonjwa huo. Ule wa kitaifa wa mwaka 2012, wa watu wa miaka 25 hadi 64, ulikuta 9 katika kila 100. Njia za kupima na umri wa waliopimwa havikuwa sawa, lakini hata hivyo tofauti ni kubwa mno. Zamani tulikwenda sokoni Babati kwa miguu tukirudi na mzigo kichwani. Leo tunapanda bodaboda, na mafuta ya kupikia yapo katika kila duka.

Hebu tumpime mama wetu. Chukua kilo zake 92, gawanya kwa urefu wake wa mita 1.58 uliozidishwa kwa wenyewe, yaani 2.5. Unapata 37 hivi. Kwa mtu mzima, kati ya 18.5 na 25 ni uzito wa afya. Kuanzia 25 uzito umezidi. Kuanzia 30 huo ni unene wa kutia wasiwasi. Asiye na mzani atumie utepe wa fundi cherehani. Kiuno cha mwanamke kikifika sentimeta 80, au cha mwanaume 94, hatari ya kisukari na magonjwa ya moyo imeanza kupanda, kwa kuwa mafuta ya tumboni ndiyo mabaya zaidi. Akina baba wenye miguu myembamba na tumbo la mbele wasicheke, wamo humu pia.

Basi kwa nini njaa ya siku tisa haikumfaa? Mwili ukinyimwa chakula ghafla, kilo zinazoshuka siku za kwanza nyingi ni za maji. Kisha mwili huchoma mafuta, lakini huchoma na nyama ya misuli, na misuli ndiyo inayotupa nguvu ya kulima. Njaa ikizidi, mtu hula kwa pupa na kurudisha vyote. Kupungua nusu kilo hadi kilo moja kwa juma kunatosha sana. Tena mama wetu hahitaji kufika kilo 60 ndipo apate nafuu. Akipunguza kilo 4 au 5 tu, presha na sukari huanza kuitikia.

Maji ya ndimu hayayeyushi mafuta. Chai na vidonge vya "kukata tumbo" vinavyouzwa stendi vingi huharisha au kukojoza, na kinachotoka ni maji. Pesa hiyo heri inunue mayai.

Sasa tuje kwenye jiko lenyewe. Nguvu iliyomo katika chakula hupimwa kwa kalori. Gramu moja ya wanga, au ya utomwili, ina kalori 4. Gramu moja ya pombe ina 7. Gramu moja ya mafuta ina 9. Hapa ndipo wengi hupotea: huulaumu ugali na kuyasahau mafuta yaliyomo katika mboga. Lita moja ya mafuta ya kupikia ina kalori zaidi ya 8,000. Familia ya watu watano ikimaliza lita moja kwa juma, kila mmoja amepata kalori zaidi ya 200 kila siku kutokana na mafuta peke yake, na hakuyaona sahani mwake. Alizeti yetu ya Manyara inatoa mafuta mazuri, lakini uzuri wake hauyapunguzii kalori hata moja. Tumewaona akina mama wakimimina kutoka kwenye chupa huku wakizungumza na jirani! Mimina kwenye kijiko cha mezani. Vijiko vitatu kwa sufuria ya mboga ya watu watano vinatosha, na vitunguu na nyanya vitaiva kwa maji yao wenyewe ukifunika. Viazi vya kuchemsha vina kalori 85 hivi kwa gramu 100; vikaange viwe chips, hukaribia 300.

Mwizi wa pili ni sukari ya kinywaji. Vikombe vinne vya chai kwa siku, kila kimoja vijiko vitatu vidogo, ni vijiko 12, karibu kalori 190. Hicho ni kikomo cha juu kabisa ambacho Shirika la Afya Duniani, mwaka 2015, liliwawekea watu wazima kwa sukari yote ya kuongezwa, likashauri ingekuwa bora isizidi nusu yake. Soda moja ya mililita 300 ina karibu vijiko vinane. Kwa hesabu ya vitabuni, kalori 190 zinazozidi kila siku ni kilo 9 za mafuta kwa mwaka. Mwili haufuati hesabu hiyo kwa ukamilifu, lakini unaona inakoelekea. Usikate sukari yote siku moja. Punguza kijiko kimoja, ukae majuma mawili, halafu punguza kingine, ulimi huzoea. Maziwa mgando yasiyotiwa sukari, ukienguliwa ule utando wa juu, ni chakula kizuri na hushibisha. Juisi, hata ya nyumbani, si sawa na tunda. Kula chungwa lenyewe.

Na ugali je? Mama wetu ana ruhusa ya kula ugali. Tunamshauri dona badala ya sembe, si kwa sababu dona haina kalori, maana inakaribiana sana na sembe, bali kwa sababu pumba na kiini chake hukaa tumboni muda mrefu na kuchelewesha njaa. Lakini hapa lazima tuweke angalizo. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu walipatwa na sumukuvu, sumu itokanayo na ukungu wa mahindi, na wapatao 20 walifariki. Sumu hii haionekani kwa macho wala haimalizwi kwa kupika. Kukoboa huipunguza, kwa kuwa nyingi hukaa katika pumba na kiini. Kwa hiyo dona ni nzuri pale tu mahindi yanapokuwa mazuri: yaliyoanikwa juu ya turubai, si juu ya udongo, yakakauka kabisa, yakachambuliwa punje zilizovunjika au kubadilika rangi, na kuhifadhiwa pakavu. Mahindi usiyojua yametoka wapi, yakoboe.

Kiasi je? Ukiwa na sahani yako, nusu iwe mboga za majani: mchicha, mnavu, majani ya maboga, majani ya kunde, kabichi. Robo iwe ugali, wali, ndizi au viazi. Robo inayobaki iwe maharage, mbaazi, samaki, yai au nyama isiyo na mafuta. Wale wanaokula wote kwenye sinia moja hawawezi kujipima, maana mkono huenda kwa mwendo wa wenzake. Mama akate fungu lake mapema aliweke pembeni, kisha akae na jamaa yake kama kawaida. Hakuna haja ya sufuria mbili. Mboga yenye mafuta kidogo inamfaa mume na watoto pia, isipokuwa mtoto mdogo, ambaye aongezewe mafuta au karanga katika uji wake.

Tuseme neno la pekee juu ya mbaazi. Babati tunailima kwa wingi, lakini wengi huiona kama zao la kuuza. Mwaka 2017 India ilipoweka kikomo cha mbaazi inazonunua nje, bei ilianguka na magunia yakabaki ndani. Hata mwaka ule bado kulikuwa na nyumba zilizonunua soseji mjini na kuacha mbaazi ghalani. Gramu 100 za mbaazi kavu zina gramu 20 na zaidi za utomwili, pamoja na nyuzinyuzi nyingi. Mtu aliyekula bakuli la mbaazi mchana hatafuti andazi saa kumi. Chemsha kwa kitunguu na nyanya, na nazi waachie wa pwani kwa sasa. Perege na kambare wa Ziwa Babati nao ni wazuri, wakichemshwa au kuchomwa badala ya kuzamishwa kwenye mafuta. Karanga na parachichi ni vyakula vya afya lakini vina mafuta mengi. Konzi ndogo ya karanga yatosha.

Sherehe hatuwezi kuzikwepa. Ukialikwa harusi au ubarikio, usiende na njaa ya kutwa nzima. Kula kidogo nyumbani, pakua mara moja, kunywa maji.

Wako wasiopaswa kufuata haya bila daktari. Mjamzito na anayenyonyesha wasijipunguze. Mwenye kisukari anayetumia vidonge au sindano asiruke mlo hata mmoja, kwa kuwa sukari inaweza kushuka ghafla na kumwangusha. Aende kliniki kwanza, dozi iangaliwe. Wa presha asiache dawa zake kwa sababu ameanza kupungua. Na anayekonda bila kukusudia, hasa akiwa na kikohozi, homa au kiu isiyokwisha, huyo asifurahi bali akapimwe.

Mama wa Mutuka tulimwambia ajipime mara moja kwa juma, siku ile ile, asubuhi kabla ya chai, na kiuno mara moja kwa mwezi. Mwanzo akabadilishe mambo mawili tu: kijiko cha mafuta na kijiko cha sukari. Akatuuliza kama Jumapili anaweza kula chapati. Tukamwambia moja, na asiikaange yeye mwenyewe akiwa na njaa.